Walimu Wasioonekana Pichani

Ninayo picha moja ambayo kwa miaka kadhaa ilitundikwa ukutani ofisini kwangu, na nilipostaafu nilikuja nayo nyumbani. Ilipigwa mwaka 2007, siku ya mwisho ya semina ya matumizi ya kompyuta katika vyuo vya ualimu. Tumejipanga safu tatu mbele ya ukumbi. Safu ya kwanza ni sisi wakuu wa vyuo, tumeketi vitini, mikono magotini. Nyuma yetu wamesimama wakufunzi, na nyuma yao, juu ya ngazi, wako watu wa mradi pamoja na madereva. Wajukuu zangu hupenda kunitafuta katika picha hiyo, maana wakati ule nywele zangu zilikuwa bado nyeusi. Siku moja mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa darasa la sita, aliitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Babu, kwani walimu wanawake hawakusoma kompyuta?”

Nikavaa miwani nikahesabu. Wanaume 38, wanawake 5. Kati ya hao 5, wawili walikuwa wa mapokezi na chai, nao tuliwaita dakika ya mwisho waje kupiga picha na sisi. Nilimjibu mtoto kwamba walisoma, ila siku hiyo hawakuwapo. Hakuridhika, na kwa kweli hata mimi sikuridhika. Jibu kamili ni refu, na sehemu yake inanihusu mimi mwenyewe.

Nimeona niliandike hapa kwa kuwa mikutano ya namna hii imekuwa mingi. Mkutano mkubwa wa elimu na teknolojia barani mwetu, uitwao eLearning Africa, ulianza Addis Ababa mwaka 2006, ukafika Dar es Salaam mwaka 2011, na ukarudi tena Dar es Salaam mwaka 2025. Mbali na huo mkubwa, ziko warsha na semina nyingi mikoani na wilayani. Huko ndiko mwalimu anakopata ujuzi mpya, ndiko anakojulikana kwa wakubwa, na, tusifichane, ndiko anakopata posho. Kwa hiyo swali la nani aende na nani abaki si swali la viti tu. Ni swali la nani atahesabiwa kuwa mjuzi.

Hebu tuanze mbali kidogo, kwa sababu ugonjwa huu haukuzaliwa kwetu.

Mnamo Februari 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, ilizinduliwa mashine iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30, na ndani yake mlikuwa na valvu zipatazo 18,000, zile taa za kioo zilizokuwa katika redio zetu za zamani. Kazi yake ilikuwa kukokotoa njia ya risasi ya mzinga angani. Kabla ya mashine hiyo, kazi hiyo ilifanywa na watu kwa kalamu, karatasi na mashine ndogo za mezani, na wengi wa watu hao walikuwa wasichana waliosoma hisabati. Jina la kazi yao kwa Kiingereza lilikuwa ndilo hilo hilo kompyuta. Naam, kompyuta lilikuwa jina la mtu kabla halijawa jina la mashine.

Kati ya wasichana hao walichaguliwa 6 waifundishe ENIAC kazi yake. Majina yao ni Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha maelekezo. Walipewa michoro ya nyaya, wakaisoma na kuwauliza maswali wahandisi, hadi wakajua kila sehemu inafanya nini. Mmoja wao, Jean Jennings, ananigusa moyo kwa namna ya pekee, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mkulima wa Missouri aliyesoma hisabati katika chuo cha ualimu. Ilitegemewa awe mwalimu wa shule, kama sisi sote tuliopitia milango ya vyuo hivyo.

Siku ya uzinduzi, hesabu iliyowashangaza wageni ilikuwa imepangwa na Jean Jennings na Betty Snyder. Risasi iliyohitaji sekunde 30 kufika chini ilikokotolewa na mashine kwa sekunde 20 tu, yaani jibu lilitoka kabla risasi yenyewe haijatua. Wageni walipiga makofi. Jioni kulikuwa na karamu ya kusherehekea, na wasichana hao hawakualikwa. Walirudi makwao katika baridi ya Februari, wakati waheshimiwa wakila na kupongezana.

Majira ya joto ya mwaka huo huo, chuo hicho hicho kiliendesha mafunzo ya majuma nane, kuanzia Julai hadi Agosti, kuwafundisha wataalamu wachache walioalikwa namna ya kuunda mashine za aina hiyo. Mafunzo hayo yanakumbukwa katika historia kama chanzo cha kompyuta nyingi zilizofuata. Mwingereza Maurice Wilkes alihudhuria, akarudi kwao Cambridge akaunda mashine yake, iliyoanza kazi mwaka 1949. Nadhani tunaweza kuyahesabu kuwa miongoni mwa semina za kwanza kabisa za teknolojia hii. Waliosimama mbele kufundisha walikuwa wanaume. Hata hivyo mwalimu alikuwapo pale pale. Adele Goldstine, mwanahisabati aliyewahi kuwafundisha wasichana wale kazi ya kukokotoa, ndiye aliyeandika kitabu cha maelezo ya ENIAC mwaka huo wa 1946. Na Ruth Lichterman alibaki na mashine ile akiwafundisha waendeshaji waliofuata. Wanawake waliandika kitabu na kufundisha pembeni, wanaume wakashika ubao. Mpango huo niliukuta kwetu miaka 60 baadaye, bila mtu kutufundisha.

Liko jambo la picha pia. Katika miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Kathy Kleiman, alikuta picha za zamani za ENIAC zenye wanawake wamesimama mbele ya mashine, majina yao hayakuandikwa. Alipouliza, aliambiwa kwamba hao ni warembo waliowekwa hapo kupendezesha picha, kama wale wanaosimama kando ya majokofu katika matangazo ya biashara. Hakukubali. Aliwatafuta, akawakuta wako hai, wamezeeka, na akawahoji. Hivyo ndivyo dunia ilivyopata kujua kwamba waliodhaniwa mapambo ndio waliokuwa wajuzi.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba hata hivyo walikuwapo wanawake waliosimama mbele. Ni kweli, na mkubwa wao ni Grace Hopper. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Vassar, akajiunga na jeshi la majini la Marekani mwaka 1943, na mwaka 1952 alitengeneza programu iliyoiwezesha mashine kujiandalia yenyewe maagizo kutokana na maandishi mafupi ya binadamu. Lakini mimi nampenda zaidi kwa ualimu wake. Alipohutubia, aliwagawia wasikilizaji vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi. Huo ndio mwendo mrefu kabisa ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Halafu alinyanyua bunda la waya wa karibu mita 300, akasema hiyo nayo ni sehemu moja ya milioni. Mtu akitoka hapo hasahau kamwe kwa nini mashine za haraka lazima ziwe ndogo. Waama, hiyo ndiyo zana ya kufundishia tuliyokuwa tukiwahimiza wanachuo watengeneze: rahisi, ya mkononi, na inayosema yenyewe.

Hopper alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79, mwenye cheo cha admirali. Watu walimtaja kila mara mtu aliposema wanawake hawaonekani. Lakini mwanamke mmoja jukwaani hajazi ukumbi. Mwaka mmoja tu baada ya kustaafu kwake, yaani 1987, wataalamu wa mifumo ya kompyuta walikutana Austin, Texas. Mmoja wao, Anita Borg, alitambua jinsi wanawake walivyokuwa wachache. Wachache hao walijikusanya wakala pamoja, na kabla ya kuachana wakakubaliana kuandikiana kwa kompyuta ili wasipoteane tena. Mwaka 1994 Anita Borg na mwenzake Telle Whitney walifungua mjini Washington mkutano wa wanawake wa kompyuta, wakaupa jina la Grace Hopper, aliyekuwa amefariki mwaka 1992. Walifika watu wapatao 500.

Mkutano huo ulikua hadi kuhudhuriwa na maelfu kwa maelfu. Ajabu ni kwamba mwaka 2023, ulipofanyika Orlando, wanaume wengi waliotafuta kazi walimiminika kwenye foleni za waajiri, na waandaaji wenyewe wakalazimika kulalamika hadharani. Kiti kikiwa na faida hugombaniwa, hata kikiwa kimeandikwa jina la mwenyewe. Kwa hiyo sidhani kwamba kuwatengea wanawake mkutano wao ni dawa yote, ingawa naelewa kwa nini walihitaji mahali pa kupumua.

Upande wetu tunao mfano wa fahari. Mwaka 1995 ulifanyika Beijing mkutano wa nne wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, na Katibu Mkuu wake alikuwa Bibi Gertrude Mongella. Wengi wanamjua kwa jina la Mama Beijing, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba alikuwa mwenzetu: katika miaka ya 1970 alikuwa mkufunzi wa Chuo cha Ualimu Chang’ombe, kisha mtengenezaji wa mitaala. Kando ya mkutano huo, katika mji wa Huairou, yalikutana mashirika yasiyo ya serikali. Mvua ilinyesha, matope yakajaa. Katikati ya hayo, kikosi cha mafundi wapatao 40 kutoka nchi zaidi ya 20 kilifunga kompyuta na kuwaunganisha wageni na mtandao, na wengi wa wageni hao walituma barua pepe ya kwanza maishani mwao pale. Kikosi hicho cha muungano uitwao APC kilikuwa cha wanawake watupu. Wao ndio waliovuta nyaya, wao ndio waliorekebisha mashine zilipokwama, na wao ndio waliofundisha.

Nilisoma habari za Beijing gazetini kama watu wote, nikajivunia Bibi Mongella. Habari za kikosi kile sikuzijua hadi miaka mingi baadaye. Nashawishika kuamini kwamba hata kama ningezijua nisingejifunza kitu, kwa maana mtu husifu mbali asichokitenda karibu.

Sasa nirudi nyumbani.

Teknolojia ya kwanza niliyoitumia katika elimu ilikuwa redio. Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana, miaka miwili tangu nitoke chuoni, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini kote walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio, kusoma kitabu, kujadili, kisha kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kikundi nilichokiongoza kilikutana chini ya mwembe. Redio tuliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nasi tukaizunguka. Siku za mwanzo akina mama walikaa kimya. Lakini kwa kuwa duara halina mbele wala nyuma, na kwa kuwa mada ilikuwa maji na vyoo, mambo waliyoyajua kuliko sisi, jumla la tatu walikuwa wanazungumza kuliko wanaume. Sikuona kwamba nimejifunza lolote. Niliona tu kwamba kikundi changu kimechangamka.

Kompyuta zilituchelewa. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuziingiza nchini, na katazo hilo lilidumu miaka mingi. Hata televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mwaka 2005, mradi ulipoanza wa kuvipatia kompyuta vyuo vya ualimu vya serikali kwa msaada wa Sweden, wengi wetu tulikuwa na mvi za utosini na hatujawahi kugusa kibodi. Nilikuwa mkuu wa chuo, na niliogopa mashine ile kuliko nilivyowahi kumwogopa mkaguzi.

Asiyeogopa alikuwa mkufunzi mmoja wa hisabati, mwanamke wa miaka 30 na kitu. Kabla ya ualimu alikuwa amesoma uhazili, akajua kupiga taipu kwa vidole kumi bila kutazama. Kompyuta zilipofika alikuwa wa kwanza kuzielewa. Jioni, baada ya vipindi, alibaki chumba cha kompyuta akiwafundisha wakufunzi wenzake, wakiwemo wanaume waliokuwa wanamzidi umri kwa miaka 20. Ndiye aliyetutengenezea katika Excel jedwali la matokeo ya wanachuo, ambalo ukibadilisha alama moja, jumla na wastani vinajibadilisha vyenyewe. Mimi mwenyewe alinifundisha, mlango ukiwa umefungwa, ili watumishi wasione mkuu wao anavyotafuta herufi moja baada ya nyingine.

Mwaka 2007 ikaja barua: kila chuo kipeleke mkuu wake na wakufunzi wawili wenye ujuzi wa kompyuta kwenye semina ya siku sita. Niliandika majina mawili katika muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Yote mawili yalikuwa ya wanaume. Mmoja alikuwa mkufunzi wa uraia, msemaji hodari. Wa pili alikuwa makamu wangu. Yule mwalimu wa hisabati alikuwa na mtoto wa miezi saba. Nilijiambia kwamba namhurumia. Safari ni ndefu, mabasi ni mabaya, mtoto ananyonya, na mume wake je, atakubali? Nilimjibia maswali yote hayo bila kumuuliza hata moja.

Siku ya nne ya semina tulipewa zoezi, kila chuo kitengeneze jedwali la matokeo mbele ya wenzake. Wajumbe wangu walijaribu, mashine ikawaandikia maneno yale yale waliyoyaandika wao, bila kukokotoa chochote. Nilimwona mwalimu wa uraia akitoka nje na simu ya mkononi, nikamfuata. Alikuwa amempigia yule mama. Nilisikia sauti ya mtoto akilia upande wa pili, na sauti ya mama yake ikisema taratibu, kama anavyosema darasani: “Umeanza na alama ya usawa? Bila alama ya usawa mwanzoni haitakuelewa. Weka, halafu andika jumla, fungua mabano.” Alimwelekeza hatua kwa hatua, hadi salio la simu likakatika. Mwenzetu akarudi ndani, akaandika, jedwali likatii. Ukumbi ulipiga makofi. Mwenyekiti alikisifu chuo chetu kwa kuwa na wataalamu. Mwalimu wa uraia aliinama kushukuru. Hakumtaja. Nami niliyekuwa mkuu wake, niliyesikia kila kitu kwa masikio yangu, nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kesho kutwa yake ndipo ilipopigwa picha.

Katika semina ile, na katika nyingine nilizohudhuria baadaye, nilianza kuangalia watu badala ya kuangalia ukuta wa projekta. Wanaume tuliuliza maswali marefu ambayo mara nyingi hayakuwa maswali bali hotuba. Tulitaka kujua mashine ina nguvu kiasi gani, imegharimu kiasi gani, na chuo fulani kimepata ngapi. Wanawake wachache waliokuwapo waliketi nyuma, karibu na mlango. Waliuliza wakati wa chai ya saa nne, wakimfuata mtoa mada kando, na maswali yao yalikuwa ya darasani: wanachuo 60 watagawanaje mashine 10? Umeme ukikatika katikati ya kipindi nifanye nini? Nitawezaje kuwazuia wavulana wasikimbilie mashine zote na wasichana wakabaki kutazama mabegani? Alipotakiwa mtu wa kuandika muhtasari, macho yote yaligeukia wanawake, hata kama mjuzi zaidi chumbani alikuwa mmoja wao na alipaswa kusikiliza kwa makini.

Wapo wanaosema tofauti hiyo ni ya maumbile: mwanamume hupenda mashine, mwanamke hupenda watu. Mimi siamini. Niliwahi kumsikia mwanamke aliyepewa mada nzima kuhusu mitambo ya mtandao, akazungumza juu ya kasi na uwezo kwa muda wa saa moja bila kuangalia karatasi. Na niliwahi kumwona mwanamume, mwalimu wa darasa la kwanza, akiuliza wakati wa chai maswali yale yale ya akina mama. Anayeulizia darasa ni yule anayerudi darasani kesho. Anayeulizia bei ni yule anayerudi ofisini. Na kwetu waliokuwa ofisini walikuwa wanaume, kwa hiyo tukadhani ni maumbile kumbe ni vyeo.

Nilijifunza kwamba orodha ya wajumbe huharibika mapema, kabla ya siku ya semina. Barua hupitia kwa mkuu, na mkuu huwakumbuka anaokunywa nao chai. Posho huhesabiwa kuwa haki ya mwenye familia, kana kwamba mwalimu mwanamke halishi mtu. Vikao vya jioni huendelea hadi saa mbili usiku, halafu tunashangaa mwenye mtoto ametoka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe gumu kulikamata.

Tuliporudi chuoni, yule mwalimu alikuja ofisini kwangu. Nilidhani amekuja kulalamika, nikajiandaa.

“Shikamoo, Mkuu.”

“Marahaba, Mwalimu. Mtoto hajambo?”

“Hajambo. Nimekuja kuomba yale makabrasha ya semina nitoe nakala, ili Jumatatu niendelee na wenzangu.”

Nilimpa. Kisha, kwa kuwa dhamiri ilikuwa inanichoma, nikamwambia kwamba sikuandika jina lake kwa sababu mtoto alikuwa bado mdogo. Alinyamaza kidogo.

“Ni kweli bado mdogo, Mkuu. Ila hukuniuliza. Mama yangu angekuja tukasafiri naye, akakaa na mtoto.”

Alisema kwa upole, akaaga, akaenda na makabrasha yake. Nimekaripiwa na wakubwa wengi katika utumishi wangu, na maneno yao nimeyasahau. Haya sijayasahau.

Mwaka uliofuata nilibadili mambo machache. Kila barua ya semina niliibandika kwenye ubao wa matangazo kwa siku tatu kabla ya kuandika jina lolote, na kila mwenye sifa aliulizwa. Fedha kidogo za chuo zilimlipia nauli msaidizi wa mama mwenye mtoto mchanga. Katika semina zetu za ndani tulipanga viti duara, kama chini ya ule mwembe, na maswali yaliandikwa kwenye vikaratasi yakasomwa bila majina. Wanaume wawili watatu walinung’unika kwamba Mkuu amepelekwa Beijing. Niliwaacha wanung’unike.

Nisidai kwamba palitokea muujiza. Nilipomwomba yule mwalimu awe mtoa mada katika semina ya kanda, alikataa mara ya kwanza. Aliniambia amezoea kufundisha chumba cha pembeni, na ukumbini watu watasema anajionyesha. Mtu aliyewekwa nyuma muda mrefu hujifunza kupapenda nyuma, na sisi tuliomweka hapo ndio tunaosema ni chaguo lake. Mara ya pili alikubali. Alizungumza kwa dakika 40. Alipomaliza, mwanamume mmoja alisimama akaeleza upya yote aliyoyasema, kana kwamba yalikuwa hayajasemwa. Mwalimu yule akamjibu, “Asante kwa kurudia somo, sasa tufanye zoezi,” na ukumbi ukacheka. Baadaye alihamishiwa chuo kingine, na hadi leo bado hunitumia salamu za sikukuu.

Nimemweleza mjukuu wangu hadithi hii yote. Akaniuliza kama nilimwomba radhi yule mama. Nilimwambia kwamba nilibadili utaratibu. Akasema hilo silo alilouliza.

Basi wiki ile ile nilimpigia simu. Nilimwambia kwamba mwaka 2007 nilipiga makofi mahali nilipotakiwa kusimama na kulitaja jina lake, na kwamba nasikitika. Alinyamaza, halafu akacheka, akasema, “Mkuu, nilidhani umeshasahau.” Kumbe yeye alijua siku zote. Mwalimu wa uraia mwenyewe alikuwa amemsimulia, makofi na yote.

Picha bado ipo ukutani, sebuleni. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu jina la mtu wa 44, ambaye hayumo.